Vuta Mara Saba

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, mwenye kutoa pumzi na mwenye kuizuia, anayeujua uzito wa neno kabla halijatoka kinywani mwa msemaji. Namshukuru kwa umri alionipa, na kwa macho ambayo bado yananisomea nikiweka karatasi karibu na dirisha. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake wote. Namwomba anisaidie nisimpunje mtu katika haya ninayoandika, wala nisijipambe.

Mwezi uliopita tulimzika Shomari. Hitima yake ilisomwa Kaole, na baada ya kusoma tukakaa mikekani, watu wanne wanne kwa sinia moja ya pilau. Kijana mmoja niliyekula naye, jirani wa marehemu, akaanza kuwasimulia wenziwe. Alisema, "Huyu babu tuliyemsomea ndiye aliyeshika kamba siku jini lilipomchukua mtu kule Pango la Chewa. Mke wa yule mtu ndiye aliyeliudhi. Alikwenda mlangoni pa pango akacheka." Wenziwe wakasema astaghfirullah, mmoja akatikisa kichwa. Mimi tonge lilikuwa mkononi. Nikamuuliza, "Nani kakwambia hayo, mjukuu wangu?" Akanijibu kwa adabu kabisa, "Watu wote wanajua, babu." Sikukasirika. Nilichoka tu, uchovu wa mtu aliyebomoa ukuta kwa mikono yake, akarudi miaka mingi baadaye akaukuta umesimama palepale. Nikamaliza kula, nikanawa, nikaaga. Yule Shomari tuliyemzika ndiye aliyekuwa mtu wa mwisho, ukiniacha mimi, aliyejua kwa masikio yake mambo yalivyokuwa. Kwa hiyo naandika.

Ulikuwa mwaka mmoja katika ile michache baada ya vita vya pili vya dunia. Mimi nilikuwa na miaka ishirini, nimehitimu Kurani na vitabu vidogo vya fikihi kwa Maalim Ramadhani, mwalimu wangu wa mjini Bagamoyo, na nilikuwa nimekaa miaka minne katika shule ya serikali, hivyo niliweza kuandika kwa herufi za Kiarabu na za Kizungu. Maalim alinipeleka kijiji kimoja cha pwani, kati ya Kaole na Mlingotini, nisomeshe watoto chuoni. Nikapewa chumba katika nyumba ya kijana mmoja mzamiaji aliyeitwa Kondo na mkewe Tatu. Kilikuwa chumba cha uani, kitanda cha kamba, mkeka mmoja, na rafu niliyoitengeneza mwenyewe kwa ubao wa sanduku la chai. Ukuta wa udongo uliotutenga ulipanda mpaka usawa wa kichwa cha mtu, juu yake palikuwa wazi hadi kwenye makuti, kama nyumba nyingi za wakati ule. Mwenye nyumba akikohoa, mgeni alijua. Basi mgeni mwenye haya hujifundisha kutosikia, na mimi nilifundishwa haya kabla sijafundishwa alifu.

Kondo alikuwa mtu mrefu, mwenye kifua kipana na mdomo usiotulia. Aliniita Shehe Mkavu, kwa sababu sikujua kuogelea. Tulikula pamoja mimi na yeye barazani, bada la muhogo na samaki, na siku za bamvua, maji yakijaa na kukauka kuliko siku zote, alipotoka pangoni tulikula vichwa vya kamba koche vilivyopikwa kwa tui zito, kwa kuwa mikia ilipelekwa Dar es Salaam kwa Wazungu. "Kula, Shehe Mkavu," angesema. "Huyu kamba amekufa kwa ajili ya elimu yako." Tatu angejibu kutoka jikoni, "Muache mwalimu wa watu ale kwa raha. Wewe unayejua kuzama, mbona hujui kusoma barua?" Naye angesema, "Nitasomaje na wewe unasoma? Nyumba moja wasomaji wawili, nani atavua?" Kweli Tatu alikuwa msomaji. Alikuwa amesoma chuoni mpaka mwisho, na herufi zake zilikuwa nzuri kuliko zangu. Ninapokumbuka sauti zile mbili zikitupiana maneno huku na huku, moja barazani, moja jikoni, huwa nasita kuendelea. Lakini sikukaa chini niandike utani.

Pango la Chewa liko kwenye mwamba, mwendo wa kutembea kwa miguu maji yakikauka sana, kiasi cha saa nne asubuhi siku za bamvua. Mlango wake uko chini ya maji hata wakati huo. Mtu huzama, hupita mlango, akaingia katika ushoroba wenye giza, urefu wake kama kutoka mlango wa msikiti mpaka kibla, na huko ndani kamba koche wamejaa kwenye mianya. Hakuna pa kuvutia hewa. Unaingia kwa pumzi moja na kutoka kwa pumzi hiyohiyo. Chini pana tope jepesi kama unga; mguu ukiligusa linapanda, na mtu haoni tena mkono wake. Mwaka mmoja kabla sijafika, ndugu wawili waliingia bila kamba, mmoja akimfuata mwenziwe aliyechelewa. Walipatikana kesho yake, wameshikana, hatua chache tu kutoka mlangoni. Habari hiyo ilifika bomani, na bwana mmoja wa pale akatuma agizo kwa jumbe wetu kwamba watu wa vijiji vya mwambao wafundishwe hatari za mapango na namna ya kujikinga. Elimu kwa watu wote, wanaojua kusoma na wasiojua. Jumbe akaniita. Akasema, "Wewe ndiye mwenye kalamu hapa. Tuandikie somo."

Sitaficha kwamba nilijiona. Kijana wa miaka ishirini, anaambiwa somo lake litaokoa watu! Nilikaa na wazamiaji alasiri tatu, nikawauliza, nikaandika walichosema, nikakipanga vizuri. Nilitaka mistari mifupi, ya kukariri, kama tulivyokariri sisi chuoni, ili asiyejua kusoma naye aibebe kichwani. Nakumbuka yote mpaka leo. Usiingie peke yako. Kamba kiunoni, mwenzio juu. Kabla ya kuzama, vuta mara saba. Tope likipanda, usitapetape, ifuate kamba. Nusu ya pumzi ni ya kwendea, nusu ni ya kurudia, na inayobaki ni ya dharura. Huu wa mwisho wenye kupiga hesabu watauona una kasoro, lakini wazamiaji waliupenda, wakacheka, wakaushika. Mstari wa tatu ndio niliojivunia. Maana yake ilikuwa hii: mzamiaji akishajifunga, aivute kamba mara saba kwa nguvu, fundo lijikaze, na yule aliye juu ya mwamba azihisi zile saba mkononi, ajue kazi imeanza, asisinzie wala asipige soga. Nilichagua saba kwa sababu saba haisahauliki kwa Mwislamu. Tunazunguka Kaaba mara saba, tunakwenda Safa na Marwa mara saba. Sikuandika neno kamba katika mstari ule. Niliona limekwisha kutajwa katika mstari wa juu yake, na kulirudia kungeharibu mwendo.

Siku ya kwanza nilifundisha kwenye baraza ya msikiti baada ya sala ya alasiri, nikiwa na kamba ya kweli niliyoazima kwa mwenye ngalawa. Nikamfunga mtu kiunoni, nikamwambia avute, akavuta, watu wakahesabu. Ilikuwa wazi kabisa. Lakini siku ile walikuja watu tisa tu. Kondo hakuwepo, alikuwa Makurunge akikata miti ya kuezekea. Siku ya pili walikuja wengi, na mwenye ngalawa alikuwa ameichukua kamba yake. Nikaona haidhuru, somo liko kwenye maneno. Nilisema mstari, wakaitikia. Wakaitikia vizuri! Sauti za wanaume arobaini zikisema "vuta mara saba" kwa pamoja zilisikika mpaka kisimani, na wanawake wakarudi na ndoo zao wakisema vivyo hivyo kwa mzaha. Nikaandika nakala kwa mkono, zikapelekwa Kaole, Mlingotini, na juu huko Winde na Saadani. Bwana wa bomani alikuja siku moja, akaketi kwenye kiti, akasikiliza watu wakiitikia, akaniambia kazi nzuri. Hakuna aliyemwambia mtu yeyote, si yeye wala mimi, "Hebu simama, tuonyeshe kwa mikono yako hicho unachokisema kwa mdomo." Katika maisha yangu yote ya ualimu yaliyofuata hilo ndilo swali nililouliza zaidi kuliko yote, na wanafunzi wangu walinicheka kwa ajili yake.

Wala sikuwahi kwenda mwambani kuwatazama. Maji hukauka asubuhi, na asubuhi nilikuwa chuoni na watoto. Nilikuwa mwalimu wa kuzamia nisiyelowa miguu.

Lakini niliyasikia. Hili ndilo linalonisumbua mpaka leo. Kila siku ya bamvua, baada ya uji na kabla Kondo hajatoka, nilisikia upande wa pili wa ukuta mtu akihema. Kuhema kwa nguvu, ndani na nje, kama mvukuto wa mhunzi. Na sauti ya Tatu, ya chini, yenye kicheko, "Nne. Tano. Sita. Ongeza, mume wangu. Saba!" Kisha wote wawili wanacheka. Mimi nilidhani ni mambo ya mke na mume. Uso uliniwaka moto, nikatoka uani nikajishughulisha na kutia udhu, na kuanzia siku ile kila nilipoyasikia mahemo ya kwanza nilitoka. Niliziba masikio yangu kwa haya, na ndani ya haya ile ndimo lilimokuwa somo langu, linasomwa upya, ubavuni pangu. Mtu mwingine asiye na adabu angesikiliza mpaka mwisho, na pengine angeelewa.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne. Watoto walikuwa wanasoma juzuu ya Amma, tukasikia watu wanakimbia. Nilipofika ufukweni walikuwa wamemlaza Kondo juu ya tanga. Uso wake ulikuwa umetulia, si uso wa mtu aliyepigania kitu. Shomari, ambaye alikuwa kijana mwenzetu na ndiye aliyeshika kamba, alikuwa amepiga magoti, viganja vyake vimechubuka. Aliponiona akasema, "Mwalimu, hakuvuta! Nilingoja avute kamba huko chini, hakuvuta hata mara moja." Nikamuuliza alingoja muda gani. "Huwa nasoma Kulhuwallahu. Siku zote akirudi nimefika ya saba au ya nane. Nilipofika ya kumi nikavuta mimi. Kamba ikaja nzito." Nikamwambia maneno ambayo mtu husema, kwamba hakufanya kosa, kwamba ni ajali yake imefika. Nami, Mungu anisamehe, ndani ya moyo nilikuwa naipitia mistari yangu mmoja mmoja, nikiona kwamba somo halina lawama.

Tulimzika alasiri ileile. Sikuweza kulala tena katika nyumba ya mjane, kwa hiyo nilibeba mkeka wangu nikahamia chumba cha msikiti. Siku ya tatu akafika Bi Zena, mama yake Kondo, kutoka Kiwangwa alikokuwa akikaa shambani kwa dada yake, na miguu yake ilikuwa imevimba kwa safari. Mimi na Shomari tukaitwa ukumbini kumpa pole. Tatu alikuwa ameshaingia eda, nyuma ya pazia la mlango wa chumba. Bi Zena alikuwa mama mfupi, mkavu, asiyelia mbele za watu. Akasema, "Mwanangu alikuwa anazama tangu hajabalehe. Nielezeni."

Shomari akaeleza tena. Alipofika kwenye mwanzo akasema, "Na kila kitu alikifanya, mama. Alijifunga. Alivuta zake saba, nikamhesabia."

Hapo nikapata nafasi ya kusaidia. Nikasema, "Basi fundo lilikuwa zuri. Ulizihisi zote saba mkononi?"

Shomari akanitazama. "Mkononi vipi, mwalimu?"

"Alipovuta."

"Mkononi nitazihisije? Nilizisikia kwa masikio. Zilikuwa nzito siku ile, alivuta mpaka mabega yakapanda." Akavuta pumzi kutuonyesha, ndani, nje, mdomo wazi. Ndipo nikaujua mlio ule. Ulikuwa mlio wa upande wa pili wa ukuta.

Bi Zena hakuwa ananitazama mimi. Alimshika Shomari mkono. "Ulisema alifanya nini? Fanya tena." Shomari akafanya tena, mara mbili, akasita. Yule mama akasema taratibu, "Baba yangu alikuwa mzamiaji. Mtu akihema hivyo kabla ya kuzama alimpiga kofi. Alisema anayehema hivyo hana njaa ya pumzi huko chini, anajiona mzima, mpaka analala. Analala ndani ya maji bila kujua kama analala. Nani amewafundisha watoto hawa kuhema?"

Shomari akasema, "Ndiyo somo, mama. Vuta mara saba. Vijiji vyote vinajua." Akanigeukia. "Si ndivyo, mwalimu? Kama si pumzi, basi mimi nilikuwa namhesabia nini?"

Bi Zena sasa akanitazama, akaelewa, na alichosema hakikuwa cha ukali. Alisema, "Mimi ninaishi Kiwangwa tu hapo. Hakuna aliyeniuliza." Na nyuma ya pazia nikasikia Tatu ameanza kulia, si kilio cha jana. Alikuwa anasema, "Mimi ndiye niliyekuwa nahesabu."

Miaka mingi baadaye daktari mmoja alinieleza kwa nini. Kumbe kinachomsukuma mtu aliyezama atake kupumua ni hewa chafu inayojikusanya mwilini, si upungufu wa hewa nzuri. Anayehema sana kabla huifukuza ile chafu, basi kengele hailii, na hewa nzuri inakwisha kimyakimya. Mtu anazimika kama taa. Nilimshukuru, nikamwambia nililijua hilo kutoka kwa mama mmoja wa Kiwangwa.

Sasa hapa ndipo palipo na kiini cha mwaka ule. Kabla ya hitima ya siku saba, kijiji kilishapata maelezo yake. Pango lina mwenyewe, na Tatu alionekana pale siku chache nyuma akiokota kombe na mwenziwe, wakicheka. Amemuudhi mwenye pango. Wanawake waliacha kumletea maji. Ndugu mmoja wa upande wa marehemu alisema eda ikiisha arudishwe kwao, nyumba ni ya ukoo. Na maelezo yale, nisipowaficha, yalinifaa mimi. Nilikuwa ninaheshimiwa, nilikuwa naitwa vijiji vingine, nilikuwa nangoja barua ya kazi ya ualimu wa serikali. Waliokuwa wanajua walikuwa watatu nyuma ya mlango mmoja, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na sauti kijijini. Ningenyamaza tu, jini angebeba. Lakini bamvua nyingine ilikuwa inakuja baada ya siku tisa, na wanaume wa vijiji vitano wangesimama mwambani na kuhema mara saba kwa sababu mimi niliona neno moja linaharibu mwendo.

Nilikwenda mjini kwa miguu kwa Maalim Ramadhani. Nilimkuta anakula mkate na chai, akanikaribisha, nikakataa, akanilazimisha. Nikamweleza nikiwa na mkate mdomoni, kwa kuwa nilijua nikimaliza kula sitaanza. Akakiweka kikombe chake chini. Kisha akasema, "Ulipofundisha, ulisimama wapi?" Nikasema barazani pa msikiti. "Na watu walikuwa wangapi?" Nikasema arobaini. Akasema, "Usije ukasimama mahali pengine, wala mbele ya watu pungufu ya hao." Akanimiminia chai ya pili.

Ijumaa baada ya sala nikasimama. Nikasema somo lina kosa, na kosa ni langu. Kwamba nilikusudia kamba na sikuandika kamba. Kwamba Kondo alifanya kama alivyosoma na kuhema kule ndiko kulikomuua. Kwamba Tatu alimsaidia mumewe kusoma somo la mwalimu, na hana hatia nyingine yoyote. Nilitegemea wangenilaumu, na nilikuwa tayari. Sikuwa tayari kwa kilichotokea. Mzamiaji mmoja akainuka akasema, "Mwalimu, lakini zile saba ni nzuri. Tangu uanze kutufundisha mimi nakaa chini mara mbili ya zamani. Kifua hakiniumi kabisa." Wengine wakaitikia kweli, kweli. Mwingine akasema nyuma, "Anataka kujipa kazi ya jini." Wakacheka. Nikawaambia kutouma kwa kifua ndiko kunakoua. Wakanitazama kwa huruma, kama mtu ambaye msiba umemchanganya. Shomari peke yake alisimama, akaonyesha viganja vyake, akasema, "Mimi simshikii kamba tena mtu anayehema." Hilo ndilo walilolisikia. Maneno yangu hayakuwafika kama yalivyofika yale mabaka.

Jioni kabla ya magharibi nikaomba ruhusa nikamwombe radhi mjane. Bi Zena akakaa ukumbini kati yangu na pazia. Nikasema niliyokuja nayo. Nilikuwa nimeyapanga vizuri, kama kawaida yangu. Nilipomaliza, nikamsikia Tatu akijisogeza karibu na pazia. Kisha akauliza, "Mwalimu, unataka nikusamehe ili upate usingizi, au unataka watu wasife?"

Nikasema nataka yote mawili.

"Moja liko kwangu, na sijaliona bado. Hilo la pili liko kwako. Uliandika nakala ngapi?"

"Nne. Kaole, Mlingotini, Winde, Saadani."

"Usipeleke barua," akasema. "Barua ndiyo iliyomuua. Nenda mwenyewe, na kamba."

Bi Zena akainuka, akaenda chumbani, akarudi na kamba ya Kondo. Akaiweka mbele yangu.

Nikaenda. Ruhusa ya chuo ilinigharimu, na ile barua ya serikali haikuja mwaka ule, lakini hayo ni mambo madogo. Mistari tuliipanga upya na Shomari na Bi Zena, na nikajifunza unyenyekevu wa kuandika kinachosemwa na watu wasioandika. Vuta tuliifuta, tukaweka tikisa kamba mara saba, maana hakuna mtu anayetikisa pumzi. Tukaongeza kabla ya kuzama, pumua kama aliyekaa nyumbani kwake. Tukaongeza aliye juu akifika Kulhuwallahu ya saba, avute bila kungoja kuvutwa, kwa sababu aliyezimika hana mkono wa kuvuta. Mahali pengine nilipokewa vizuri. Kaole walielewa siku hiyohiyo. Mlingotini waliniambia nimechelewa, mtu mmoja alishazimika lakini alikuwa karibu na mlango wakamwahi. Mkewe alinitukana mbele ya watu, nikamngoja amalize, nikafungua kamba nikaanza kufundisha. Saadani ilinichukua siku mbili za mguu. Winde ndiko kulikonishinda. Wazamiaji wa kule walinipa uji, wakanisikiliza, wakasema ahsante sana, na asubuhi yake niliposimama mwambani kwa mara ya kwanza maishani mwangu, maji yakiwa magotini, niliwaona wakijipanga na kuhema, mabega yakipanda na kushuka, saba kamili, wakinitabasamia kama wanafunzi wanaotaka mwalimu awaone. Somo la kwanza lilikuwa limewapa kitu. La pili lilikuwa linawanyang'anya. Nilipiga kelele. Walizama. Siku ile wote walirudi, na kurudi kwao kukawa hoja dhidi yangu.

Nilifika kijijini kutoka safari ya mwisho wiki ambayo eda ya Tatu ilikuwa imekwisha. Miezi minne na siku kumi. Nyumba hawakumnyang'anya, Bi Zena alikuwa ameamua kukaa naye, na hapakuwa na mtu wa ukoo mwenye uso wa kumtoa mama wa marehemu. Nilimkuta uani anatwanga, nguo yake ya kawaida, amekonda. Sikumwangalia sana. Akaniletea kigoda, akaendelea kutwanga, akauliza, "Kaole?"

"Wameacha."

"Mlingotini?"

"Wameacha. Wana uchungu nami."

"Saadani?"

"Wameacha, isipokuwa wazee wawili, na hao hawazami tena."

"Winde?"

Nikasema nilikwenda, nikafundisha siku tatu, nikaonyesha kwa kamba, nikaapa. Nikasema wengine nadhani waliacha, wengine hawakuacha. Nikasema nilifanya kila nililoweza, na miguu yangu ilikuwa na malengelenge, na nilikuwa nimechoka sana, na nadhani sauti yangu ilikuwa ya mtu anayeomba kuambiwa basi, inatosha.

Tatu aliuegemeza mchi kwenye kinu. Akaingia ndani, akatoka na kata ya maji, akanipa ninywe. Aliningoja nimalize, akapokea kata.

"Basi rudi," akasema.

Nikarudi Winde. Ewe msomaji wangu, Mwenyezi Mungu akupe pumzi ya kukutosha kwendea na kurudia, akupe mtu mwaminifu wa kukushikia kamba, na akujaalie usichoke kurudi pale ulipokosea, hata kama hawakungoji. Amin.